Kipande Kilichoulizwa Swali Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, vidole vyetu vimekufa ganzi kwa baridi ya Iringa. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amenikabidhi kidude kidogo kama kiberiti, nikawaoneshe wa nyumbani. Upande mmoja ukikaa juu ya jiko la moto na wa pili kwenye maji baridi, taa ndogo iliyounganishwa nacho iliwaka. Mimi, kwa mazoea yetu ya kufunika kila kitu wakati wa baridi, nilimwaga maji nikakifunga blanketi, kipate joto pande zote. Taa ikazimika; sikujua bado kwamba kidude kile hutoa umeme pale tu upande mmoja unapokuwa wa moto kuliko wa pili. Nikasema kimekufa, nikakipasua kwa nyundo. Shule haikuwa na kingine.

Mwalimu hakunichapa. Aliviangalia vile vipande vya kijivu, akasema, "Umekiuliza swali moja, tena vibaya. Kiliposhindwa kujibu, ukakivunja." Wenzangu hawakuiona ile taa hadi tunamaliza shule. Bado inaniuma.

Juzijuzi mjukuu wangu Tumaini, anayesoma fizikia Mbeya, alinipigia simu kutoka chuoni kwake Iyunga. Alikuwa amekuza fuwele, yaani kijiwe cha kung'aa, ya bismuthi na teluri, vitu vilevile vya kidude changu. Siku hizi, alisema, imejulikana kwamba fuwele hiyo ikiwa safi, umeme haupiti ndani. Unapita kwenye ngozi yake tu. Ya kwake ilivujisha umeme ndani. Alitaka kuitupa, aache masomo, arudi Ruaha Mbuyuni kulima vitunguu na mama yake.

Nilimsimulia habari ya nyundo, basi.

"Babu, ulikifunga blanketi kweli?"

"Kweli."

"Kama mtoto mchanga." Akacheka. "Ngoja niipashe joto upande mmoja."

Kesho yake alipiga tena: mita ilikuwa imesoma umeme. Akanieleza taratibu kwamba atomi zile nzito hulichelewesha joto, upande wa pili ubaki baridi, na uzito huohuo ndio unaoufungulia umeme njia ya ngozini. Ndiyo maana sifa hizo mbili, ya kutoa umeme kwa joto na ya kuupitisha ngozini, mara nyingi hukaa pamoja, ingawa si lazima. Na uvujaji uliomliza ndio ulioisaidia fuwele kwenye kazi ya joto. Amebaki masomoni.

Mwanangu, kitu kikikukatalia, usikimbilie nyundo. Kigeuze, ukiulize kwa njia nyingine. Na mtu vivyo hivyo, hasa wa nyumbani kwako. Mungu akujalie subira ya kuuliza mara ya pili, na mikono yako isivunje ilichokabidhiwa.