Asumini Nilizozinusa

Mtaniwia radhi kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule niliishia ya msingi na naandika polepole, lakini jambo hili sijapata wa kumwambia.

Kwetu ni Jang'ombe. Nyuma ya nyumba mama ana miasumini mitatu. Kwa miaka miwili, kila asubuhi nilichuma maua, nikayafunga kwenye jani la mgomba na kumpelekea bibi mmoja wa Kihindu, mjane, anayekaa ghorofani Mji Mkongwe. Nikipiga hodi, nampa, narudi. Mimi si msemaji.

Mwezi uliopita mvua ilinizuia, akaniambia niingie. Kwenye shubaka la ukuta pana sanamu za miungu yao, kengele ndogo na taa ya samli. Aliosha mikono, akapanga asumini zangu moja moja huku akisoma kitu kwa sauti ya chini.

"Umefahamu?" akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Hata mimi mengine siyafahamu," akacheka. "Ni Kisanskriti, lugha ya wazee wa kale kule India. Maneno haya yalikaa vichwani mwa watu karne na karne kabla ya kuandikwa. Baba anamsomesha mwana, akikosea sauti moja anaanza upya."

"Kama chuoni kwetu, tukihifadhi Kurani."

"Na bakora?"

"Na bakora."

"Basi nyie ndugu zetu."

Akaniambia kwamba hapo kale watu wa huko walimimina samli motoni na kuusifu moto, mvua na alfajiri. Baadaye wakaweka sanamu, wakawa wanaiamsha, wanaiogesha, wanailisha kama mgeni wa heshima.

"Ndiyo maana ua likishanuswa na mtu halifai. Ni kumpa mgeni makombo. Yule aliyekuwa akiniletea kabla yako nilimkuta kayatia puani, nikamwambia asirudi. Wewe nshakuona huna tamaa."

Kisha akanieleza nadhiri yake. Binti yake wa pekee yuko Dar es Salaam, mimba mbili zimeharibika, na sasa ana ya tatu. Mama mtu ameahidi maua safi kila siku mpaka mtoto azaliwe.

Nilishuka ngazi kabla mvua haijakatika. Sisi asumini hatuchumi bila kunusa. Mama alinifundisha kila konzi niipitishe puani, nilijue ua lililochanua usiku na la juzi. Hakuna hata ua moja nililompelekea ambalo sikulinusa.

Kuanzia kesho yake nikaacha kunusa. Nikawa nachanganya mabichi na yaliyolala.

"Siku hizi vipi?" bibi akasema. "Unaniletea yaliyochoka."

Nikamwambia yote, macho yangu chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, bibi."

Akayatoa maua shubakani, akayashika muda mrefu. "Kesho usije," akasema. "Ntamuuliza kuhani wetu." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Leo siku ya tano. Maua yanadondoka uani, mama ananiuliza na mimi nafagia tu. Najua mtoto ni majaaliwa ya Mungu, lakini kila simu ikilia kwa jirani nashtuka.

Nyinyi mliolelewa katika dini hiyo, naomba mniandikie. Nadhiri iliyoingia makombo bila ya kujua, hutengenezwa vipi? Na kama ipo kazi yangu katika kuitengeneza, nielezeni kwa maneno mepesi, nitaifanya.