Maombi Mbele ya Skrini Nyeusi

Nichekeni tu. Pale Engutoto natengeneza mialiko ya harusi kwa kompyuta ya mtumba. Juzi niliifungia kadi mpya ya picha, kile kifaa cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini, ila Windows ya zamani nikakataa kuibadilisha, maana mialiko yote imo humo. Kuwasha, skrini nyeusi tii.

"Windows imeikataa kadi," nikamweleza kitaalamu Mama Neema, aliyetoka kwao Maji ya Chai kufuata mialiko ya bintiye. "Itabidi nifute kila kitu."

"Tuombe kwanza, baba."

Tukafumba macho. Kusema amina, skrini ikawaka!

"Bwana ametenda!" Mama Neema akapiga vigelegele.

"Nimehamisha waya wa skrini tu, mama," akasema mke wangu, aliyekuwa akifuta vumbi nyuma ya kompyuta. "Huyu aliuacha kwenye tundu la zamani badala ya lile la kadi mpya."

Mama Neema akanitazama, akafumba macho tena. Safari hii aliniombea mimi.