Nyanya Kwenye Dirisha la Studio

Nyanya yangu hapigwi picha hivi hivi. Anaoga kwanza, anajipaka mafuta mikononi na miguuni, anavaa sweta ya kanisani na viatu vya ngozi, kisha anasimama kando ya nyumba, mikono imenyooka, uso umetulia kama mtu anayesikiliza tangazo la kifo redioni. Miguu lazima ionekane. Picha ikikata miguu, anaikataa. "Huyu si mimi," husema. "Mimi nina miguu, naenda nayo sokoni." Sebuleni kwake kuna picha sita za namna hiyo, zote za watu waliosimama wima wakiwa wamevaa nguo zao nzuri.

Yeye ndiye aliyenilea, huko Keringet. Nilipomaliza darasa la nane sikuendelea na shule. Nilikaa naye miaka miwili nikilima viazi, kisha nikashuka Nakuru kufanya kazi katika studio ndogo ya picha pale Free Area. Mwenye studio ni mama Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake bado kina utaratibu ambao sisi wa huku hatuna. Nilianza kwa kufagia, halafu nikawa nakata picha za pasipoti. Siku moja akanipa kamera yake ya zamani, akaniambia niizoee.

Shida yangu ilikuwa watu. Mpiga picha lazima aseme: sogea kidogo, inua kidevu, funga hicho kifungo. Maneno hayo yalinikwama. Mteja akiniangalia, mimi niliangalia sakafu. Kwa hiyo kila nilipokwenda nyumbani na kamera, niliwapiga watu picha kutoka mbali, wakati hawajui. Mtu anachunga kondoo, mdogo kama punje ya mtama. Mama anapanda mlima na kuni mgongoni. Na juu yao mbingu yote.

Kwetu mbingu ni kubwa. Baada ya saa nane mchana mawingu hutoka upande wa msitu, meusi kama kitako cha sufuria, lakini jua huendelea kuwaka chini yake. Basi juu kunakuwa giza, na chini nyasi zinang'aa, mabati yanang'aa, na mtu aliye shambani anang'aa kama amewashwa taa. Inakaa dakika chache tu. Nilikuwa nikiiona hali hiyo tangu utotoni, na bado kila mara mwili wangu unasisimka.

Mwenye studio aliziangalia picha zangu kwenye kompyuta huku amekunja midomo. "Mwanangu, kila siku waniletea mawingu. Watu wako wapi?"

"Wako hapo chini," nilisema.

"Hapo chini wapi? Nitafute na miwani?"

Siku ya ile picha nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa likizo fupi. Nyanya alikuwa amechimba viazi tangu asubuhi, vimelundikwa katikati ya shamba vikingoja lori la kesho yake. Mimi nilikuwa jikoni. Nilitoka kutafuta vijiti vya kuwashia moto, nikaona wingu. Sijawahi kuona wingu la namna ile. Lilikuwa limeshuka chini, lina rangi ya zambarau pembeni, na chini yake shamba lote lilikuwa la dhahabu. Nyanya alikuwa kwenye lundo la viazi, anavuta turubai kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa umeingia ndani ya turubai na kulifanya liinuke nyuma yake kama bawa.

Nilirudi ndani, nikachukua kamera. Nilisimama kwenye ua wa miti, nikapiga. Nikapiga tena. Alivuta upande huu, upande ule ukafunuka. Akakimbia upande ule, akaweka jiwe, huku kukafunuka. Nilipiga mpaka tone la kwanza likaniangukia mkononi. Halafu mvua ya mawe ikaanza, nami nikaficha kamera ndani ya sweta, nikakimbilia jikoni, nikawasha moto haraka.

Nyanya aliingia amelowa, kitambaa cha kichwa kimemshika mashavuni. "Nusu imelowa," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa jikoni. Moto ulikuwa unasumbua."

Aliinama akapasha mikono joto. "Moto ni mzuri," akasema. "Asante, mama." Huniita hivyo, mimi mjukuu wake wa kike, anaporidhika.

Niliporudi mjini, mwenye studio alizipitia zile picha moja moja. Alifika kwenye moja, akavuta kiti akakaa. "Nani huyu?"

"Nyanya yangu."

"Leo umepiga mtu," alisema. Aliichapisha ikiwa kubwa, akaitia kwenye fremu, akaiweka dirishani, mahali palipokuwa na picha ya bibi harusi. Watu walianza kusimama. Vijana wa bodaboda walikuwa wakibishana nje.

"Huyo mathe ako na nguvu, bana. Angalia hiyo mikono."

"Wewe ungetoroka na uache viazi."

"Mimi? Mimi ningekuwa nimelala tangu asubuhi!"

Nilikuwa nawasikia kutoka ndani na moyo wangu ulikuwa unajaa. Sikuwahi kufanya kitu ambacho watu wanasimama kukiangalia. Wakiuliza ni nani, nilijifanya nakata picha za pasipoti, mwenye studio akajibu badala yangu.

Kisha siku moja dereva wa lori la viazi, yule anayebeba viazi vya kwetu, alikuja kupiga picha ya leseni. Alisimama mlangoni, akarudi nje, akaangalia dirisha kwa karibu. "Haki ya nani! Huyu si ni mama wa kule juu? Na hizo gambuti zake!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Nyanya alikuwa amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani, mbili zisizofanana, moja nyeusi, moja ya kijani, kwa sababu pacha ya kila moja ilikuwa imetoboka. Mimi sikuwa hata nimeziona.

Jumapili hiyo simu ililia. Nyanya huwa hapotezi maneno kwenye simu.

"Nasikia nimewekwa kwa dirisha."

Nilitoka nje na simu sikioni.

"Kuja nyumbani. Kuja na hiyo picha."

Nilijua anaweza kukasirika kwa ajili ya gambuti. Hilo lingepita. Kilichoninyima usingizi ni kwamba picha yenyewe ingemwambia nilikuwa wapi. Nyanya ni mtu ambaye ukimdanganya hakugombezi. Anaacha tu kukutuma. Nilishamwona akimfanyia hivyo mjomba wangu: anamkaribisha, anampa chai, lakini tangu siku aliyomdanganya hajamwambia tena amshikie hata kikombe. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki wa kutumwa naye. Kama angeacha kunituma, ningekuwa mgeni katika nyumba niliyolelewa.

Nilimkuta amevaa sweta ya kanisani, kama anangoja mgeni. Alipangusa mikono, akaichukua fremu, akaishika mbali na macho yake.

"Gambuti," alisema. "Watu wa Nakuru wanafikiri hii nyumba haina viatu."

"Pole, Nyanya."

"Ningekuambia ungoje nivae."

"Ungevaa, mawingu yangekuwa yameenda."

Nusura acheke, niliona. Halafu akaiangalia tena picha, polepole, kama anayesoma barua. Kidole chake kilitoka kwenye gambuti, kikapita kwenye turubai, kikapanda mpaka kwenye wingu. Hapo kikasimama.

"Hii ni ile siku ya mvua ya mawe."

"Ndiyo."

"Uliniambia ulikuwa jikoni."

Nje kuku walikuwa wakiparura majani makavu. Nilitaka kusema nilitoka mara moja tu. Nilitaka kusema moto kweli ulikuwa unasumbua. "Sikuwa jikoni," nilisema.

Aliweka fremu mezani, akasimama. "Nionyeshe uliposimama."

Tulikwenda shambani. Yeye alienda mpaka pale lundo lilipokuwa, na mimi nikaenda kwenye ua, nikasimama mahali pale pale. Tukaangaliana. Kwenye picha anaonekana mbali, kwa sababu mbingu imechukua nafasi yote. Lakini pale shambani niliweza kuona kifungo cha juu cha sweta yake, kile alichokishona kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kumbe ni hapa karibu," alisema. Hakupaza sauti, na nilimsikia vizuri. "Kama ningekuita ungesikia?"

"Ningesikia."

"Sikukuita kwa sababu nilijua uko jikoni. Nilisema, hata nikilowa, kuna mtu ananiwashia moto."

Nililia pale kwenye ua kama mtoto. Hakuja kunibembeleza, wala hakuondoka. Aliinama akaanza kung'oa magugu, moja hapa, moja pale, akanipa nafasi nimalize. Nilipomaliza alikuwa ameshika konzi nzima.

"Shika haya, upelekee mbuzi," akasema.

Niliyapokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenituma.

Jioni tulikunywa chai na fremu iko kati yetu. Nilimwambia nitaiacha hapo au niichome, vyovyote atakavyo. Alikataa yote mawili. Ukutani haiwezi kukaa, alisema, kwa sababu ya gambuti. Kuichoma ni kuchoma kazi. "Irudishe kwa dirisha. Lakini mtu akiuliza, ujibu wewe. Usimwachie yule mama. Useme huyu ni nani, na useme wewe ulikuwa wapi."

"Nyanya, mimi siwezi kuongea na watu."

"Mimi sikuweza kuvuta turubai peke yangu, lakini nilivuta."

Nilirudi Free Area na picha ikarudi dirishani. Siku mbili hakuna aliyeuliza, nami nilishukuru. Siku ya tatu aliingia mama mmoja kupiga picha ya kitambulisho cha binti yake. Binti alipokuwa akichana nywele, mama alirudi nyuma akaangalia dirisha.

"Huyu anafanya nini?"

Mwenye studio alifungua mdomo. Nilimwinulia mkono, akaufunga.

"Ni nyanya yangu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikaanza upya. "Ni nyanya yangu. Anafunika viazi, mvua ya mawe inakuja."

"Peke yake? Hakuna mtu wa kumsaidia?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nampiga picha."

Mama yule aliniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. Sikuangalia sakafu, ingawa nilitaka sana.

"Na viazi vilipona?"

"Nusu."

"Pole," alisema. "Mwambie nyanya yako nimesema pole." Kisha akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa ameshakaa kwenye kiti akiningoja, kola ya sweta imekunjika ndani.

Nilimwendea karibu. "Toa kola nje," nilimwambia. "Sasa inua kidevu kidogo."