Kangaruu na Makofi ya Saa Saba

Saa saba mchana kangaruu hulala, na si kwa uvivu. Analala kwa sababu ana akili kuliko waliokata tiketi kuja kumtazama. Nimelisema hili mpaka mate yakanikauka: mnyama huyu ni wa alfajiri na jioni. Jua likiwa kali hujilaza kivulini akailamba mikono yake, mate yakikauka damu inapoa. Nani asikie? Wageni huniambia ana ukurutu, na bibi mmoja alitaka nimpake mafuta.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika bustani ndogo ya wanyama nje ya mji. Nilitoka Mombasa nije kuuza manukato dukani mtaa wa Naif, huku kwa Waarabu, nikaishia kubeba majani makavu. Siku moja, saa saba hiyo hiyo, sir, meneja wetu, alikuja na familia iliyokasirika kuona wanyama wote wamelala. Akaniambia niwarukishe.

"Sir, yule jike ana mtoto. Akishtuka, mfuko unalegea, mtoto anaanguka."

"Piga makofi tu. Yalla, upesi."

Ningeweza kukataa. Badala yake nilinuna, nikapiga makofi kwa hasira, kwa nguvu kuliko alivyotaka, ili aone mwenyewe. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Jike aliruka mara tatu. Ya tatu, mtoto akadondoka mchangani, miguu mirefu, manyoya bado mepesi, na mama hakusimama. Familia ikacheka, ikidhani ndio mchezo wenyewe. Sir akaninong'oneza, "Mtoe huyo. Tutamlea kwa chupa, watu wapige naye picha." Kisha akawasindikiza wageni wake.

Mtoto wa umri ule ana chuchu yake moja humo mfukoni, na maziwa yake ni ya kadiri ya umri wake. Ukimpa ya chupa yasiyomfaa anaharisha, na akiharisha anakufa. Nilitaka arudi kwa mama yake kabla sir hajarudi.

Nikaivua leso niliyojifunga kiunoni, nikamweleka mgongoni, kama tulivyoelekwa sote kwetu. Akanipiga mateke ya figo na kunikwaruza shingo. Mlinzi wa langoni, kaka mmoja wa Uganda, akaacha kiti chake akaja.

"Dada, huyo si wa kwenu. Mweke mbele, apate giza."

Tukaifunga leso iwe mfuko, nikaishikilia wazi tumboni. Kitoto kikaingia kichwa mbele, kikapinduka humo ndani, kikatulia. Na mimi ndiye mjuzi wa kangaruu, eti.

Jike alikuwa pembeni akitoa ile sauti ya kugongagonga ulimi wanayoitia watoto. Alikuwa anamtaka. Nikapiga magoti, nikasogea. Akarudi nyuma. Nikasogea tena, akakimbilia uzioni. Nilikuwa bado namlaani sir moyoni, mlinzi akasema taratibu, "Dada, anakuogopa wewe."

Nikatoka, nikampa leso na kitoto ndani. Akaingia na mabuti yake, mtu asiyejua hata kangaruu anakula nini, akaiweka chini, akaifungua, akasogea kando. Jike akaja, akanusa, akainama mbele, na kitoto kikajitosa mfukoni mpaka ikabaki miguu tu nje. Mimi nilitazama nikiwa nje ya uzio.

Sir aliporudi nilimwambia, "Khalas, imekwisha, yuko kwa mama yake," nikiwa tayari kwa ule ugomvi niliouweka tangu saa saba. Akainua mabega akaenda kunywa chai. Hata ugomvi sikuupata.

Siku hizi majani hupelekwa na mlinzi, ingawa si kazi yake. Nikiingia mimi, hata mikono nikiificha nyuma, yule jike huubana mfuko wake, huinuka kivulini, akaenda kukaa juani.