Udhuru Wangu wa Dakika Mbili

Kazi yangu ni kuchungulia askari. Siyo wa barabarani, hao hutuchungulia wenyewe. Nasema chembe nyeupe za damu, zile tulizofundishwa shuleni kuwa ni askari wa mwili. Maabara yetu ina hadubini ya leza inayotunzwa kama mwali: chumba cha giza, pazia zito, joto lake maalumu, na simu haiingii humo.

Siku ile nilikuwa nimeshaiandaa damu, chembe zimetiwa rangi inayozifanya zing'ae kijani. Kabla sijaiacha simu nje nikasoma ujumbe wa mtaa wetu, huko Goba: mzee jirani yangu ametutoka alfajiri, mazishi baada ya alasiri. Huyu ndiye aliyekuwa akinifungulia koki ya simtanki maji yanapotoka, maana Goba maji hutoka wakati wenye ajira tuko kazini. Miaka minne sijawahi kuita boza la maji.

Nikapiga hesabu ya kisomi. Chembe zile huishi saa chache tu nje ya mwili, na mzee alikuwa ameshakufa, asingekufa zaidi. Nikazima simu. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyowaza, na shahada ninazo.

Jaribio lililogoma wiki kadhaa likakubali siku hiyohiyo. Unaiunguza chembe moja kwa leza, kisha unasubiri. Iliyo jirani inageuka na kuiendea iliyoumia. Ikifika inaziita nyingine, na zilizo mbali zinaacha zilichokuwa zikifanya na kuja mbio mpaka zinarundikana pale. Nilipiga vigelegele peke yangu gizani. Nilipotoka jioni, mzee alikuwa keshazikwa.

Siku nne nilipita njia ya nyuma, ile ya makorongoni, kama mwizi wa kuku. Ya tano nikajitanda khanga, nikaenda. Mjane alikuwa chumbani, kakaa eda, miguu kainyoosha juu ya jamvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tulikutafuta."

Pole niliyoiandaa njia nzima nikaiacha. Nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi msibani: nikatoa simu, nikamwonyesha video. Dakika mbili. Nikamweleza kuwa hii ndiyo kazi iliyonibana, kwamba iko siku itaokoa watu, na hivi vya kijani ndivyo askari wa mwili. Aliitazama kwa makini kuliko msimamizi wangu.

"Huyu ndo kaumia?"

"Ndiyo mama."

"Na wote hawa wanamwendea yeye?"

"Wote."

"Nani kawaambia?"

"Wanaambiana wenyewe."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Nikaanza kupumua. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya kioo, juu ya chembe moja ambayo mimi mtaalamu, kwa siku zote tano za kujisifia video ile, sikuwahi kuiona.

"Huyu mbona hatoki? Kafa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini chembe iliyokufa haing'ai vile, na kazi yangu imenizoesha kusema ninachokiona.

"Hapana mama. Mzima."

"Hajaambiwa?"

"Kaambiwa."

"Basi ana shughuli zake," akasema, bila ubaya wowote, akanirudishia simu.

Nikabaki nimesimama mbele yake, simu mkononi, video imejirudia yenyewe na askari wangu wanakimbia upya. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kuizima simu.

Mama wa watu akaikunja miguu, akanipisha kwenye jamvi.

"Keti basi, mwanangu. Maji yalitoka juzi, mie nikamwambia binti yangu akakufungulie koki. Tanki lako limejaa."