Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nikapalilia mikorosho ya watu Nandagala, nikajifunza ufundi wa redio kwa kuzipasua zilizokufa. Hakuna aliyenifundisha, na simdai mtu wala sidaiwi shukrani.

Kwa hiyo mke wangu aliposema kompyuta yangu kubwa itoke sebuleni, sikubembeleza. Ilinguruma kama mashine ya kukoboa, naye husikiliza mpira redioni. Timu ya hapa Ruangwa ikicheza, hata kikohozi ni kosa. Akaihamishia banda la mbuzi. Huko vumbi lingeiua, na kompyuta ndiyo kazi yangu: nachapa kadi za harusi na katiba za vikundi.

Nikaapa kuunda nyingine, ndogo kama mkate, isiyosikika. Tukapatana: mechi nzima ikipita mashine imewaka na yeye asiisikie, itakaa sebuleni. Vinginevyo, bandani.

Mazabodi ndogo, kile kibao kinachobeba sakiti zote za kompyuta, ilikuja kwa basi kutoka Dar. Kasha nililichongesha kwa seremala wa Nachingwea, mninga mtupu, lenye matundu ya kutolea hewa ya moto upande wa juu. Watu hudhani kompyuta ndogo inataka feni ndogo. Wapi! Feni ndogo ni kama mtu mfupi anayefukuzana na mrefu: mbio nyingi, kelele nyingi. Nilifunga moja pana inayozunguka polepole, nikaikalisha juu ya vipande vya ndala ili isitikise mbao.

Siku ya mechi nikaiwasha, nikaendelea na kadi zangu. Kufika mapumziko mke wangu akauliza kama nimeiwasha kweli au namchezea. Nikavimba kichwa. Kipindi cha pili hakijaanza, ikajizima.

"Sasa ndiyo imenyamaza," akasema.

Nikaipakata kwenye bodaboda hadi Nachingwea kwa fundi mwenzangu. Mezani kwake ikafanya kazi mchana kutwa. Akacheka, akasema labda inaikimbia nyumba yangu. Nikairudisha, ikajizima tena. Nikalaumu umeme, nikalaumu mazabodi. Mwisho nikaweka kiganja juu ya kasha kutafuta joto, nikagusa uzi.

Kitambaa cha kufuma. Kwetu redio huvaa, televisheni huvaa, hata kiti cha mgeni huvaa. Kila nilipoiweka sebuleni, mke wangu aliivisha, na macho yangu yalishavizoea vitambaa vyake hata hayavioni. Chini yake mbao zilikuwa moto kama pasi.

Nikamwambia anainyonga.

"Sebuleni kwangu hakikai kitu uchi, mzee. Kama haitaki nguo, iende kwa mbuzi. Wao hawavai."

Nimebishana na madalali wa ufuta nikawashinda. Mke wangu hapana. Yeye akauliza hewa inatokea wapi, nikamwonyesha. Akachukua sindano yake, akafuma kingine chenye dirisha katikati, sawasawa na matundu yangu.

Mechi iliyofuata ikapita yote. Tulifungwa, akasema mashine ina nuksi, lakini hakuigusa.

Leo nina shamba la mikorosho Nandagala, nyumba ya bati, baiskeli, mbuzi wenye banda lao peke yao, printa, kompyuta isiyosikika yenye nguo yake, na mke yule yule.