Niliambiwa Niombe Tu, Nikataja Wodi

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mimi ni mama wa miaka 44, mchungaji wa kanisa ndogo huku mtaa wa Kongo, Kawangware. Bwanangu ni seremala. Tangu Jumanne situlii. Nakaa, nasimama, naweka chai kwa jiko nasahau, natoka nje kama mtu anangoja mgeni.

Hapa kwetu wodi ya kujifungua ilifungwa miezi mingi, tukiambiwa inarekebishwa. Mshirika wa kanisa langu, nitamwita Adhiambo, alizaa kando ya barabara akikimbizwa hospitali ya Riruta. Wamama walimzingira na leso. Mtoto hakulia. Mimi ndiye nilimzika.

Mwezi uliopita mwanasiasa wetu akaita mkutano. Wachungaji wanaume walipewa viti vya mbele na nafasi ya kuongea. Mimi nikaambiwa, "Pasta, wewe tufungulie na maombi, mafupi tu." Nikafunga macho nikasema, "Baba, mkumbuke Adhiambo. Fungua hiyo wodi, na uguse hawa walioketi hapa na funguo." Wamama walipiga amina mpaka sauti ya spika ikamezwa. Siku tisa baadaye, wodi ikafunguliwa.

Nilidhani askofu wetu atafurahi. Jumanne akaniita. "Mama, mwanamke akipewa maiki ya kuomba, anaomba, anakaa. Umeingiza kanisa kwa siasa."

Nikamuuliza, "Na pasta wetu wa tawi la Soweto East, si aliposimama udiwani ulimpaka mafuta mbele ya watu?"

"Yule ni mwanaume. Anajua mipaka."

Akasema Jumapili niombe msamaha mbele ya washirika, ama nirudishe kola ya uchungaji.

Bwanangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilioa pasta, sikuoa mheshimiwa. Kazini wananiuliza kwetu nani anaongoza." Hiyo iliniuma kuliko ya askofu, kwa sababu ni yeye alitengeneza kasanduku ka kuzikia yule mtoto, na hakutaka kulipwa.

Sasa wamama wanataka nisimame uchaguzi ujao. Na ukweli ni kwamba nimetamani. Hapo ndipo najiogopa. Siku ile nilikuwa naongea na Mungu, ama na watu huku nimefunga macho?

Leo mchana Adhiambo amekuja kwangu. Hakuketi hata. "Pasta, ni kweli Jumapili utasema uliomba vibaya?"

Nilijifanya natafuta vikombe. Akangoja, akaenda.

Ndugu zangu, Jumapili ni kesho kutwa. Mngekuwa mimi, mngemjibu nini?